Bastola, gobore na raifo: Ipi hufaa mbele ya mnyama mkali wa pwani ya Lindi?

Na Mwandishi Wetu

KATI ya mwaka 1990 na mwaka 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 na kujeruhi wengine zaidi ya 300 nchini Tanzania. Hesabu hiyo ilichapishwa mwaka 2005 katika jarida la kisayansi la Nature na watafiti Craig Packer, Dennis Ikanda, Bernard Kissui na Hadas Kushnir. Sehemu kubwa ya misiba hiyo haikutokea Serengeti, ambako simba ni wengi na watalii ni wengi zaidi, bali kusini mwa nchi, hasa katika wilaya za Rufiji na Lindi.

Sababu waliyoieleza watafiti hao inafahamika kwa kila mkulima wa mwambao. Mahindi na mpunga vikianza kukomaa, nguruwe pori huingia shambani usiku. Mkulima hujenga dungu, hulala humo na kupiga debe hadi alfajiri. Simba aliyekosa wanyama wengine wa kuwinda humfuata nguruwe, na njiani hukutana na binadamu. Mashambulizi hayo huongezeka kati ya Machi na Mei, katika msimu wa mavuno.

Kutokana na hali hiyo, mazungumzo juu ya silaha katika Kilwa, Lindi na Liwale si ya anasa. Huulizwa mara kwa mara ni ipi iliyo bora: bastola ya kiunoni, gobore la babu, bunduki ya marisau au raifo ya askari wa wanyamapori. Jibu hutegemea mambo matatu: uhakika wa silaha kufyatuka, usahihi wa shabaha, na kaliba. Mpangilio huo una maana yake. Wengi huanza kwa kuulizia kaliba, ilhali pori huuliza kwanza kama silaha itafyatuka.

Kaliba ni nini?

Kaliba ni kipenyo cha tundu la mtutu, ambacho hukaribiana na kipenyo cha risasi yenyewe. Wajerumani na jirani zao wa Ulaya hukipima kwa milimita, Waingereza na Wamarekani kwa sehemu za inchi. Kwa hiyo raifo iitwayo .375 ina risasi yenye upana wa inchi 0.375, yaani milimita 9.5, na ile ya .458 ina milimita 11.6. Bunduki za marisau, ambazo wengi huziita shotigani, hupimwa kwa desturi ya kale zaidi. Namba 12 maana yake ni kwamba ratili moja ya madini ya risasi hutoa gololi 12 zinazoenea sawasawa katika mtutu huo, ambao upana wake ni karibu milimita 18.5.

Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kaliba ndiyo nguvu. Bastola ya milimita 9, iliyoanza kutumika mwaka 1902 na ambayo leo imeenea duniani kote, hutoa risasi ambayo upana wake unapungua kwa nusu milimita tu kulinganisha na ile ya raifo ya .375. Mtu akiziweka risasi hizo mbili mezani bila maganda yake, huona kwamba upana wake unakaribia kulingana.

Hata hivyo, risasi ya bastola hiyo ina uzito wa takriban gramu 8 na hutoka kwa kasi ya karibu mita 350 kwa sekunde, hivyo hubeba nguvu ya jouli 500 hivi. Risasi ya .375 ina gramu 19 na hutoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde, nayo hubeba jouli zipatazo 5,700. Nguvu imezidi mara 11 ilhali upana haukuongezeka. Tofauti imo katika uzito wa risasi, wingi wa baruti ndani ya ganda, na urefu wa mtutu unaoipa baruti nafasi ya kusukuma.

Uhakika: silaha itafyatuka inapohitajika?

Simba anaposhambulia hukimbia kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita 50 kwa saa. Kwa kasi hiyo mita 25 humalizika chini ya sekunde mbili. Mwenye silaha hupata nafasi moja, pengine mbili. Silaha inayokwama mara moja katika kila mara 20 yaweza kuvumiliwa katika uwanja wa shabaha, lakini shambani hugharimu maisha.

Pwani ina adui wa pekee wa vyuma. Upepo wa bahari hubeba chumvi, na unyevu wa masika huingia hata ndani ya kabati. Chumvi ikikaa juu ya chuma kisichopakwa mafuta, kutu huanza katika muda mfupi, nayo hupenda kujificha mahali pasipoonekana: ndani ya mtutu, chini ya springi ya magazini na kwenye ncha ya pini inayogonga fataki. Silaha ya Kilwa Masoko au Lindi mjini inahitaji kufutwa na kupakwa mafuta mara nyingi zaidi kuliko ya Dodoma, hata kama haikutumiwa.

Risasi nazo huzeeka. Fataki za risasi nyingi za zamani, hasa za kijeshi, zilikuwa na kemikali ambazo baada ya kuungua huacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi hiyo huvuta unyevu wa hewa na kula chuma. Mafuta peke yake hayaiondoi. Huondolewa kwa maji ya moto, kisha mtutu hukaushwa na kupakwa mafuta. Wazee waliotumia raifo za .303 za Waingereza walilijua jambo hilo vema.

Joto pia lina hesabu yake. Baruti ya kodaiti, iliyotumiwa na Waingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19, huongeza shinikizo kadiri joto linavyopanda. Risasi iliyopimwa katika baridi ya London iliweza kukwamisha ganda lake ndani ya chemba katika jua la Afrika au India, na mwindaji akabaki na bunduki isiyofunguka mbele ya mnyama aliyejeruhiwa. Ndiyo maana watengenezaji wa Uingereza walibuni maganda makubwa yenye shinikizo dogo kwa ajili ya nchi za joto, na raifo za mitutu miwili yenye mitambo miwili iliyo huru. Mtambo mmoja ukigoma, wa pili upo.

Hata kampuni kubwa zimewahi kukosea. Mwaka 1956 kampuni ya Winchester ya Marekani ilileta risasi ya .458 ikiwakusudia wawindaji wa tembo na nyati wa Afrika. Ganda lake lilikuwa fupi kulinganisha na baruti iliyotakiwa, hivyo baruti ilishindiliwa. Baada ya kukaa muda mrefu baruti hiyo iliganda kama donge na kuungua vibaya. Risasi nyingine zilitoka kwa kasi ndogo mno, na wawindaji wa Afrika Mashariki wakaingiwa na hofu. Kasoro hiyo ilirekebishwa baadaye, na leo .458 ni miongoni mwa kaliba zinazotumiwa sana porini. Funzo lililobaki ni kwamba kaliba kubwa isiyo na uhakika haina faida kuliko ndogo inayofyatuka.

Kwa upande wa bastola, zipo za aina mbili. Rivolva ina silinda inayozunguka, na risasi moja ikigoma mtumiaji huvuta kifyatulio tena na silinda huleta nyingine. Bastola ya magazini hubeba risasi nyingi zaidi na hujazwa upesi, lakini hutegemea springi, midomo ya magazini na nguvu ya risasi yenyewe ili ifanye kazi. Mchanga, kutu au risasi dhaifu hutosha kuikwamisha. Ikitunzwa na kulishwa risasi nzuri ni silaha ya kuaminika; ikiachwa katika mfuko wa ngozi wenye jasho na chumvi, haiaminiki.

Gobore: urithi wa biashara ya Kilwa

Silaha yenye historia ndefu katika vijiji vya Lindi ni gobore, yaani bunduki inayojazwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kuu ya misafara iliyotoka pande za Ziwa Nyasa. Pembe za ndovu na watumwa walishuka pwani, na bunduki, baruti na vitambaa vilipanda bara.

Julai 2, 1890 mataifa ya Ulaya yalitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, mkataba huo ulizuia kuingizwa kwa raifo na silaha za kisasa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini ukaacha mlango kwa bunduki za gumegume zisizo na mifereji ndani ya mtutu na kwa baruti ya kawaida. Mwafrika aliruhusiwa silaha ambayo Ulaya ilikuwa imekwisha kuitupa. Vita vya Maji Maji vilipoanza katika vilima vya Umatumbi Julai 1905, wapiganaji wenye magobore, mikuki na mishale walikutana na jeshi lenye bunduki za rasharasha.

Baruti nyeusi ilisumbua hata jeshi la Wajerumani. Mwaka 1914 askari wao wengi walikuwa bado na raifo za Mauser za mwaka 1871, kaliba ya milimita 11. Kila risasi iliyotoka ilifuatwa na wingu jeupe la moshi lililomwonyesha adui mahali alipo mpigaji.

Kwa kipimo cha uhakika, gobore hushika mkia. Baruti yake hunywa unyevu na kugoma. Baada ya mlio mmoja mwenyewe hana kitu mkononi, kwani kulijaza upya huchukua muda ambao mnyama hamwachii. Gobore la kienyeji lina hatari nyingine: mtutu uliotengenezwa kwa bomba lisilokusudiwa kazi hiyo waweza kupasuka usoni mwa mpigaji.

Kwa kipimo cha shabaha, gobore lisilo na mifereji halizungushi risasi yake, na risasi isiyozunguka huyumba hewani. Matokeo yake ni mnyama aliyejeruhiwa na kukimbia. Nyati au simba mwenye jeraha hujificha katika kichaka, na anayelipa si lazima awe yule aliyempiga, bali mwanamke aendaye kisimani au mtoto aendaye shule siku ya pili.

Shabaha: hesabu ya milimita moja

Usahihi wa silaha hutegemea mtutu, risasi na mtu. Kwa bastola, tatizo kubwa ni mtu, na hesabu ndogo yaonyesha sababu.

Mpigaji hulenga kwa kulinganisha alama mbili, moja nyuma na nyingine mdomoni mwa mtutu. Katika bastola nyingi umbali kati ya alama hizo ni karibu sentimita 15. Mkono ukitetemeka kiasi cha kuhamisha alama ya mbele kwa milimita moja tu, risasi itapotoka kwa takriban sentimita 17 katika umbali wa mita 25. Raifo yenye sentimita 60 kati ya alama zake, kwa kosa lilelile, hupotosha risasi kwa sentimita 4. Katika mita 50 bastola hukosea kwa sentimita 33, raifo kwa sentimita 8.

Zaidi ya hayo, raifo huegemea begani, shavuni na katika mikono miwili. Bastola huning'inia mbele ya mwili, na uzito wake wote hubebwa na viganja. Ndiyo sababu bastola yenye mtutu bora kabisa, ambayo ikifungwa katika jiliwa la fundi hupiga risasi zote tundu moja, hutawanya risasi zake mara iingiapo mkononi mwa asiyefanya mazoezi.

Adui wa pili wa shabaha ni woga wa mlio na teke. Mpigaji aliyezoea kupigwa teke na silaha kubwa hushtuka kabla ya kufyatua, akasukuma mtutu chini. Kosa hilo huonekana wazi pale mwalimu anapoweka ganda tupu katikati ya risasi bila mwanafunzi kujua: hakuna mlio, lakini mtutu unaruka.

Katika uwanja wa shabaha

Kwa sababu hiyo kaliba ndogo ndiyo mwalimu mzuri. Katika Michezo ya Olimpiki mashindano ya bastola ya mita 10 hutumia silaha za hewa zenye kaliba ya milimita 4.5, na yale ya mita 25 hutumia .22, yaani milimita 5.6. Duara la alama 10 katika mita 10 lina kipenyo cha milimita 11.5 tu. Hakuna bingwa anayelitafuta kwa kaliba kubwa.

Risasi ya .22 ina nguvu iliyo kati ya jouli 100 na 200 tu, haina teke la kutisha, na bei yake ni ndogo kuliko za kaliba nyingine nyingi. Mwanafunzi aweza kupiga risasi 50 kwa siku bila bega wala sikio kuchoka. Akishaweka risasi zake zote katika sahani ya chai kwa mita 15, ndipo afikirie milimita 9 au .38. Atakayeanza na .44 atajifunza kwanza kufumba macho.

Masikio na macho yanahitaji kinga bila kujali kaliba. Mlio wa bastola hutokea karibu na uso kuliko wa raifo, na usikivu ukipotea haurudi.

Bastola porini

Katika baadhi ya majimbo ya Marekani sheria inaruhusu kuwinda kwa bastola, na ziko rivolva zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Maarufu zaidi ni ya .44 iliyoingia sokoni miaka ya 1950, ambayo risasi yake hubeba jouli kati ya 1,200 na 1,400. Wawindaji wa huko huitumia kwa kulungu, kwa umbali mfupi, baada ya mazoezi ya miaka.

Mwindaji wa Lindi anayesikia habari hizo hana budi kuweka takwimu pembeni mwa takwimu. Bastola ya milimita 9 ina jouli 500. Rivolva ya .357 ina jouli 700 hivi. Ile ya .44 yenyewe haifikii hata nusu ya raifo ya .303, ambayo ina jouli zaidi ya 3,000, na ni kama robo ya .375. Nyati dume wa Selous ana uzito unaoweza kuzidi kilo 700, mifupa minene ya bega na ngozi ya shingo inayofanana na ubao. Bastola mbele yake ni kelele tu.

Nchini Tanzania swali hilo limekwisha kujibiwa na utaratibu wa serikali. Bastola si silaha ya uwindaji, na wageni wanaokuja kuwinda hawaruhusiwi kuziingiza kwa kazi hiyo. Silaha zinazojifyatua zenyewe nazo haziruhusiwi katika uwindaji. Bastola inayomilikiwa kihalali ni ya ulinzi wa mtu na mali yake.

Kaliba kwa kila mnyama

Kwa kanga, kwale na ndege wengine, bunduki ya marisau namba 12 ndiyo mahali pake. Marisau hutawanyika, na baada ya mita 35 au 40 nguvu yake hupungua mno. Kwa nguruwe pori anayekula mahindi, ganda lenye marisau makubwa machache hufaa kwa umbali mfupi, na usiku umbali huwa mfupi daima. Marisau madogo ya ndege yakimpiga nguruwe humtia uchungu tu, naye hufa siku kadhaa baadaye mahali pasipojulikana.

Kwa swala pala, kongoni na wanyama wa kiasi hicho, raifo kuanzia .243 hadi .30-06 zinatosha, mradi risasi iwe ya ncha laini inayotanuka ndani ya mwili. Kwa simba, nyati na tembo kiwango cha chini kinachotambuliwa katika uwindaji nchini ni .375. Risasi hiyo ilibuniwa na kampuni ya Holland & Holland ya London mwaka 1912, na umri wake wa zaidi ya miaka 100 ni ushahidi wa kutosha. Idara za wanyamapori za Tanganyika na Kenya ziliwapa pia askari wao raifo za .404, ambazo risasi yake ina karibu gramu 26.

Aina ya risasi ina uzito sawa na kaliba. Simba hana ngozi nene, hivyo hupigwa kwa risasi ya ncha laini. Fuvu la tembo ni mfupa mnene wenye vitundu kama sega la nyuki, na ubongo wake umejificha nyuma kabisa. Huko hufika risasi ngumu isiyotanuka pekee.

Kuna mfano maarufu unaotajwa na wapinzani wa kaliba kubwa. Walter Bell, Mskoti aliyewinda Karamoja nchini Uganda na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20, aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa raifo ndogo ya milimita 7. Jambo hilo ni kweli. Lakini Bell alichunguza mafuvu ya tembo, alijua njia ya ubongo kutoka kila upande, alipiga tembo waliotulia, na alikuwa mlenga shabaha wa kupigiwa mfano. Mfano wake unathibitisha kwamba shabaha hutangulia kaliba. Hauthibitishi kwamba mtu wa kawaida, usiku, akiwa na hofu, afuate nyayo zake.

Giza, mwezi na simba wa Rufiji

Mwaka 2011 Packer na wenzake walichapisha utafiti mwingine, uliochambua mashambulizi ya simba dhidi ya wanavijiji zaidi ya 1,000 wa Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009. Walibaini kwamba hatari huwa kubwa zaidi katika siku kumi zinazofuata mwezi mpevu, pale ambapo saa za kwanza za usiku huwa na giza na watu bado wako nje.

Ugunduzi huo una maana kubwa kwa mwenye silaha. Saa ambazo simba hushambulia ndizo saa ambazo alama za kulengea hazionekani. Silaha isiyo na taa, mikononi mwa mtu aliye peke yake, huwa haina shabaha yoyote, na risasi ya raifo iliyokosa simba husafiri hadi kwenye dungu la jirani. Raifo hupeleka risasi kilomita kadhaa. Mwenye kuipiga gizani hajui itatua wapi.

Simba aliyesumbua Rufiji kati ya mwaka 2002 na 2004, na ambaye alihesabiwa kuwa ameua watu wapatao 35, aliuawa na askari wa wanyamapori Aprili 2004. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na jipu kubwa chini ya jino. Alikuwa na umri wa karibu miaka mitatu na nusu tu. Si kila simba mla watu ni mgonjwa, lakini mnyama mwenye maumivu, yawe ya jipu au ya marisau yaliyobaki mwilini, hana sababu ya kumwogopa binadamu.

Sheria inasemaje?

Umiliki wa bunduki na bastola nchini unasimamiwa na Sheria ya Usimamizi wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya mwaka 1991. Leseni hutolewa na polisi kwa mtu na kwa silaha iliyotajwa. Kuazimana silaha, hata kati ya ndugu, ni kosa. Gobore lisilosajiliwa ni silaha haramu sawa na bastola isiyosajiliwa, hata kama lilirithiwa.

Leseni ya silaha si kibali cha kuwinda. Uwindaji unaongozwa na Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Sheria inamtambua mtu aliyeua mnyama kwa kujiokoa au kuokoa mwingine, lakini mnyama huyo hubaki mali ya serikali, na tukio ni lazima liripotiwe. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta machozi cha Sh 1,000,000 kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, kiasi ambacho hakina uwiano na msiba wenyewe.

Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba wa kila mwaka, hadi mwaka 2030, kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Tanzania imeshiriki, na magobore yamekuwa miongoni mwa silaha zinazorejeshwa.

Kwa upande wa tembo, hali imebadilika mara mbili katika uhai wa mtu mmoja. Mfumo wa Selous ulikadiriwa kuwa na tembo wapatao 109,000 mwaka 1976; sensa ya mwaka 2013 ilikuta karibu 13,000, baada ya majangili kuwamaliza kwa bunduki za kivita na raifo za kaliba kubwa. Mwaka 2019 sehemu ya kaskazini ya pori hilo ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Ulinzi ulipoimarika, tembo walianza tena kuonekana katika mashamba ya Liwale na Nachingwea. Kuwafukuza leo ni kazi ya mabomu baridi, pilipili, mizinga ya nyuki na askari wa Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Mwanakijiji anayempiga tembo kwa gobore huanzisha vita ambavyo majirani zake wote watapigana.

Kwa muhtasari

Mwenye kutaka silaha ya kujifunzia shabaha na achague .22. Mwenye leseni ya bastola ya ulinzi na achague ile anayoweza kuitunza dhidi ya kutu na kuifanyia mazoezi kila mwezi, kabla ya kuulizia ukubwa wa kaliba. Mwenye kibali cha kuwinda swala anahitaji raifo ya kiasi. Wa nyati anahitaji.375 au zaidi, pamoja na mwenzake mwenye silaha nyingine.

Mkulima aliye dunguni hana kibali wala raifo, na kumshauri anunue bastola ni kumpa matumaini yasiyo na msingi. Kinachomwokoa ni kulala wawili au watatu pamoja, kuwa na taa na moto, kuziba mianya ya dungu, kujihadhari zaidi katika siku kumi baada ya mwezi mpevu, na kutoa taarifa kwa afisa wanyamapori wa wilaya mara nyayo za simba zinapoonekana. Simba mla watu hufuatiliwa mchana, na kundi la askari wenye raifo za kaliba inayostahili.